Santuri za Nyumbani Zinapobadilika Sauti Stockholm

Katika soko la mitumba la Hötorget, katikati ya jiji la Stockholm, siku za Jumapili si ajabu kukuta gramafoni kuukuu imewekwa juu ya meza ikisubiri mnunuzi. Kwenye maduka ya eneo la Södermalm nako, vijana waliozaliwa zama za CD wananunua santuri kama walivyofanya babu zao. Miongoni mwa wateja hao wamo ndugu zetu wa Afrika Mashariki, wanaotafuta chombo cha kupigia santuri walizoachiwa na wazazi: Mbaraka Mwinshehe, bendi za Nairobi, taarab ya pwani. Wengi wana nia moja, kuzihamishia kwenye kompyuta kabla hazijachakaa na kuwatumia jamaa waliobaki nyumbani.

Tatizo ni kwamba wengi huangalia sindano na spika, wakasahau mota. Santuri haibebi noti yoyote iliyo tayari. Inabeba mfereji tu, na mwendo wa mota ndio unaoamua mwimbaji atasikika na sauti ya juu au ya chini, na wimbo utachukua dakika ngapi.

Msomaji wetu mmoja anayeishi Husby aliletewa gramafoni na binamu yake kutoka Marekani. Kwa kuwa umeme wa Sweden ni volti 230, alinunua transfoma ya kuushusha hadi 120. Gramafoni ikawaka vizuri, lakini sauti ya mwimbaji ikatoka nzito kama ya mtu aliyeamshwa usiku wa manane. Akadhani santuri imeharibika kwa uzee, na alikuwa karibu kuitupa.

Santuri ilikuwa nzima. Gramafoni nyingi za zamani zina mota inayofuata mapigo ya umeme wenyewe, na umeme wa Sweden una hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, sawa na wa Tanzania, Kenya na Uganda. Wa Marekani una hezi 60. Transfoma hubadilisha volti, lakini haigusi hezi. Matokeo yake, sinia lililotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika lilizunguka chini ya mara 28. Kwa waliopita kwenye kwaya, tuseme Do ilishuka ikasikika kama La iliyo chini yake, na wimbo wa dakika tatu ukachukua dakika tatu na sekunde 36.

Dawa yake ni kubadilisha puli, kile kigurudumu kidogo kwenye ncha ya mota. Puli ya hezi 50 ni nene kwa asilimia 20 kuliko ile ya hezi 60. Kampuni ya Thorens ya Uswisi, ambayo gramafoni yake ya TD 160 bado inapendwa sana Ulaya, ilitengeneza puli za aina zote mbili.

Nguvu ya mota hulifikia sinia kwa njia tatu. Ya kwanza ni gurudumu la mpira linalosukuma sinia. Lina nguvu, lakini mpira ukipata bonde utasikia mngurumo. Ya pili ni mkanda, ambao huzuia mtetemo wa mota usifike kwenye sindano. Adui yake ni umri: mkanda ukilegea unateleza, na ukiachwa miaka kumi stoo hukakamaa. Ya tatu ni mota iliyo chini ya sinia lenyewe, bila mkanda. Technics ya Japani ndiyo iliyoipa umaarufu kwa SL-1200 ya mwaka 1972. Toleo la MK2 la mwaka 1979 lilidhibiti mwendo kwa fuwele kama ya saa za mkononi, kwa hiyo hezi za ukutani haziliyumbishi. Madijei waliikumbatia kwa sababu hufikia mwendo kamili kwa chini ya sekunde moja. Hapa Stockholm, katika chuo cha teknolojia cha KTH, Kjetil Falkenberg Hansen alitetea mwaka 2010 tasnifu ya udaktari kuhusu ukwaruzaji wa santuri wa madijei. Kumbe hata kelele za disko zina wasomi wake!

Wanaotusoma nyumbani wanafahamu adui mwingine, jenereta. Jenereta ndogo ikizidiwa na mzigo huzunguka polepole, hezi zinashuka, na gramafoni inayofuata umeme inashuka nazo. Friji ikiwaka, mwimbaji anaporomoka.

Mbaya kuliko mwendo usio sahihi ni mwendo unaoyumba. Sikio huudhika zaidi sauti inapoyumba takriban mara nne kwa sekunde. Ngoma huficha kasoro hiyo, lakini fidla za taarab zinapovuta noti ndefu huianika mara moja. Hata hivyo, mota isionewe: tundu la santuri likiwa nje ya kati kwa milimita moja tu, sauti karibu na lebo itapanda na kushuka kwa zaidi ya asilimia moja na nusu, hata kwenye chombo cha bei mbaya.

Kupima hakuhitaji fundi. Bandika kipande cha karatasi kwenye ukingo wa sinia, santuri ikiwa inapigwa, kisha hesabu. Kwa mwendo wa 33 na theluthi unatakiwa kupata mizunguko 100 kwa dakika tatu. Kwa 45, mizunguko 90 kwa dakika mbili. Gramafoni ya binamu ingetoa 83. Ipo pia karatasi ya mistari 180 ambayo huonekana imesimama chini ya taa ya hezi 50 mwendo ukiwa sawa. Usichukue ya Marekani, ina mistari 216, na taa nyingi za LED hazifai kwa kazi hii.

Tunasisitiza haya kwa sababu nakala ya kompyuta hugandisha kosa. Mjukuu aliyeko Tanga ataupokea wimbo kwenye simu, atajifunza kuupiga kwa gitaa, na ataupiga kwa noti ambayo bendi haikuupigia. Kosa lisilobadilika linaweza kurekebishwa kwa programu, ilimradi kiasi chake kijulikane. Kuyumba ni kazi ngumu zaidi.

Uangalifu zaidi unahitajika kwa santuri za mizunguko 78, kama zile alizorekodi Siti binti Saad mjini Bombay mwaka 1928. Enzi hizo 78 ilikuwa kadirio, na kila studio ilikuwa na mwendo wake. Hata ulipokuja kusawazishwa, nchi za hezi 60 zilitumia 78.26 na za hezi 50 zikatumia 77.92. Mwenye kuzinakili aandike kwenye faili mwendo alioutumia, na ile nakala ya kwanza asiifute.