Ushahidi wa Mama: Kumtafuta Tabibu Anayesikiliza

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Imepokewa katika Hadithi sahihi ya kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akiingia katika Sala akiwa na nia ya kuirefusha, kisha akasikia kilio cha mtoto mchanga, akaifupisha kwa kujua uzito unaomwingia mama kwa kilio kile. Tulizingatie jambo hili, ndugu zetu. Mama yule hakutoa malalamiko yoyote, wala hakutakiwa kuleta hoja. Kilio cha mwanawe kilitosha kuwa ushahidi, na kiongozi wa umma akaubadilisha mwendo wake kwa ajili yake.

Hadithi hii tumeisoma tangu utotoni katika vyuo vyetu vya Kurani, na tumeisomesha wengine kwa miaka mingi. Hata hivyo, ilipotufika zamu ya kuitekeleza, tulishindwa. Tunayaandika haya ili kukiri kosa letu, na ili familia nyingine isiingie katika shimo tuliloliingia.

Binti wa dada yetu, mzaliwa wa Mombasa, aliolewa Nairobi, na nyumba yao iko nyuma ya Adams Arcade, katika barabara ya Ngong. Wasomaji wetu wenye jamaa huko wanapafahamu: ni yale maduka ya tangu miaka ya 1950 yanayobeba jina la mfanyabiashara Abdul Habib Adam, karibu na soko la Toi, na si mbali na Kibera, waliko ndugu zetu Wanubi. Ni mahali ambapo mtu hakosi duka la dawa, maabara wala zahanati. Tunalitaja hili kwa makusudi, kwani mtu aweza kudhani kwamba aliyezungukwa na madaktari hatapata taabu ya kutibiwa. Kumbe kumpata daktari ni jambo moja, na kumpata anayesikiliza ni jambo jingine.

Alijifungua mtoto wa kiume, salama u salimini. Siku ya tatu macho ya mtoto yakaingia umanjano. Akaambiwa kuwa hilo ni la kawaida, na ni kweli: zaidi ya nusu ya watoto wachanga hupata umanjano katika wiki yao ya kwanza, na wengi wao hupona wenyewe. Akika ikafanywa siku ya saba, watu wakala wakaomba dua. Wiki ya pili ikapita, ya tatu ikaingia, na umanjano haukuondoka. Mama akaona jambo la pili: choo cha mtoto kilikuwa kikipauka siku baada ya siku, hata kikawa kama udongo mweupe wa mfinyanzi, na mkojo ukawa unaacha doa la rangi nzito katika nepi.

Alimwambia mavyaa wake, akajibiwa kwamba mwana wa kwanza humtia mama wasiwasi. Alimpeleka kwa tabibu mmoja, naye akamtazama mtoto akiwa ndani ya shali yake, hakumvua nguo, akasema aanikwe jua la asubuhi. Akatupigia simu sisi, akasema, "Mjomba, huyu mtoto choo chake hakina rangi." Nasi tukamjibu, "Mwanangu, kuwa na subira, msomee Kurani, utoke arubaini yako kwanza." Basi wa tatu kutomsikiliza tulikuwa sisi.

Alisubiri kwa sababu yetu. Tabibu wa pili, katika wiki ya tano, alimwambia kwamba ni maziwa yake ndiyo yanayoleta umanjano. Siku ya 44, bila kumshauri mtu, alimfunga mtoto mgongoni akaenda kwa daktari wa watoto, mwanamke, mwenye chumba cha kutibia hapo hapo Adams Arcade. Alikuwa amezihifadhi nepi mbili ndani ya mkebe. Daktari yule alivuta kiti, akauliza, "Mama, wewe umeona nini?" Akasikiliza mpaka mwisho. Akamvua mtoto nguo zote mbele ya dirisha, akalibonyeza tumbo chini ya mbavu za kulia, kisha akaomba kuziona nepi. Jioni ile ile damu ilipimwa, na kesho yake mtoto alikuwa katika hospitali kubwa ya rufaa. Siku ya 53 alipasuliwa.

Ugonjwa wenyewe ni kuziba kwa mifereji inayotoa nyongo katika ini. Nyongo ndiyo inayokipa choo rangi yake. Ikikosa njia, choo hupauka, nayo nyongo hubaki ndani ikiliharibu ini. Upasuaji wa kuifungulia njia ulibuniwa na daktari wa Japani, Morio Kasai, katika miaka ya 1950, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Lakini upasuaji huu una muda wake: matumaini ni makubwa zaidi ukifanywa kabla ya mtoto kutimiza siku 60, na hupungua kadiri siku zinavyosonga. Asiyepasuliwa, mara nyingi hafiki miaka miwili.

Tufanye hesabu, ndugu zetu. Muda ni siku 60, na desturi yetu ya arubaini huchukua 40 kati ya hizo. Arubaini ni rehema kwa mama: hupumzika, hukandwa, hulishwa. Hatusemi iachwe. Tunasema isiwe pazia la kumficha mtoto mgonjwa. Sheria imemwondolea mama mzazi Sala na Saumu katika nifasi yake, wala hatukuona popote ilipomkataza kutoka kumtafutia mwanawe tiba.

Maradhi haya ni machache, lakini umanjano wenyewe ni mwingi, na una hatari nyingine inayotuhusu sana sisi watu wa pwani. Wengi wetu tumerithi upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD, ambao umeenea katika nchi zilizokuwa na malaria tangu zamani. Mama huweza kuubeba bila kujua, na watoto wa kiume ndio hasa hudhurika. Mtoto mwenye upungufu huu akikutana na vitu fulani, damu yake huvunjika kwa kasi na umanjano hupanda ghafla. Miongoni mwa vitu hivyo ni vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo, vyenye harufu kali, tunavyovitia katika masanduku ya nguo, na pia hina. Madaktari wa nchi za Ghuba wameandika habari za watoto waliofikwa na hali hiyo baada ya kupakwa hina. Basi nguo za mtoto zilizokaa sandukuni na vidonge hivyo zisivishwe mtoto mchanga, na hina tumwachie mama.

Umanjano ukizidi sana huweza kuingia katika ubongo, ukamwachia mtoto uziwi au ulemavu wa viungo. Kwa hiyo hizi ndizo dalili zisizongojea kesho: umanjano unaotokea kabla ya mtoto kutimiza saa 24, umanjano unaofika viganjani na katika nyayo, mtoto anayeshindwa kunyonya, anayelala mno hata haamki kwa urahisi, anayepata degedege, anayepumua kwa kasi, au mwenye homa au mwili wa baridi. Na umanjano unaopita siku 14, hata mtoto akionekana ana afya, lazima upimwe damu. Jua la asubuhi halichukui nafasi ya kipimo, wala ya ile taa maalumu ya hospitali.

Sasa, tabibu anayesikiliza atajulikanaje? Tulimwuliza binti yetu, naye akatutajia mambo ambayo tumeyapanga hivi.

Kwanza, huuliza kabla ya kusema, na humwacha mama amalize. Pili, humvua mtoto nguo na kumshika. Hatibu kwa macho ya mbali. Tatu, akisema ni jambo la kawaida, huieleza sababu yake, na hutaja dalili ambazo zikitokea mtoto arudishwe, na siku ya kurudi. Neno "ni kawaida" pasi na maelezo hayo halitoshi. Nne, akifika mwisho wa ujuzi wake husema, na humpeleka mgonjwa kwa anayejua zaidi. Hilo si udhaifu, ni uaminifu. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba anayejitia katika utabibu bila kujulikana kuwa na elimu yake hubeba dhamana ya madhara atakayoyaleta.

Hapa Kenya, kila daktari hutakiwa kusajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na jina lake huweza kutafutwa katika orodha ya Baraza hilo kwenye intaneti. Katika zahanati nyingi anayetutibu ni afisa wa kliniki, mwenye mafunzo yake na baraza lake la usajili. Wengi wao ni hodari, na si aibu kumwuliza mtu cheo chake. Kwa ugonjwa wa mtoto mchanga usioeleweka, tuombe kuonwa na daktari bingwa wa watoto.

Mama naye ana sehemu yake, kwani shahidi mwema hupanga ushahidi wake. Aandike tarehe: umanjano ulianza lini, mtoto ananyonya mara ngapi kwa siku, nepi ngapi zinalowa. Apige picha ya choo kwa simu yake, au aibebe nepi. Achukue kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto chenye uzito wa mtoto tangu kuzaliwa. Asiishie kusema, "Hayuko sawa", na aongeze, "Tangu siku ya 20 choo chake kimekuwa cheupe, naomba umanjano upimwe kwa aina zake mbili." Akiambiwa hakuna haja, aulize kwa upole, "Ni nini kimekuhakikishia?" Asiporidhika, aende kwa mwingine. Hilo si utovu wa adabu: Mkataba wa Haki za Wagonjwa uliotolewa Kenya mwaka 2013 unamtambulia mgonjwa haki ya kutafuta rai ya pili, na Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya huduma ya afya.

Wapo walioutambua ushahidi wa mama hata wakaujengea utaratibu. Kisiwani Taiwan, tangu mwaka 2004, kila mzazi hupewa kadi yenye picha za rangi za choo cha mtoto mchanga, ailinganishe na anachokiona katika nepi, na akiona rangi ya hatari atoe taarifa. Kadi hiyo haina mashine wala sindano. Kinachotumika ni jicho la mama. Tangu hapo, watoto wengi zaidi wamewahi kupasuliwa kabla ya siku 60. Nasi twaweza kuanza bila kadi: nyeupe, kijivu au manjano iliyofifia kama udongo, mpeleke mtoto hospitali.

Na sisi jamaa, akina baba, mavyaa na masheikh, tukumbuke kisa cha Bibi Khawla binti Tha'laba (r.a.). Alimjia Mtume (s.a.w.) akimlalamikia mumewe, akarudia hoja yake wala hakukata tamaa. Bibi Aisha (r.a.), naye yu karibu, hakuyasikia baadhi ya maneno yake, lakini Mwenyezi Mungu aliyasikia yote, akateremsha hukumu katika sura inayoitwa kwa ubishi wake, Suratul Mujadila. Baadaye, Sayyidna Umar (r.a.) akiwa khalifa alisimama njiani kumsikiliza mama huyu kwa muda mrefu. Alipolaumiwa, alisema kwamba aliyesikilizwa kutoka juu ya mbingu hawezi yeye kumpuuza.

Subira tuliyomwamuru binti yetu haikuwa subira. Subira ni kuvumilia baada ya kutimiza wajibu, na tawakali huja baada ya kumfunga ngamia. Kisomo ni baraka, na tulipaswa kumsomea mtoto huku tukimpeleka kwa mtaalamu, kwani tumeamrishwa kuwauliza wenye elimu katika tusiyoyajua.

Mtoto sasa ametimiza mwaka na miezi kadhaa. Macho yake ni meupe, na anatembea akishikilia viti. Bado anakwenda kliniki, kwa kuwa upasuaji ule haumponyi kila mtoto moja kwa moja, na ini lake litaangaliwa kwa miaka mingi. Tulipomwomba mama yake radhi, alisema, "Mjomba, nilikuwa nimekwisha kukusamehe. Lakini waandikie na wengine."

Basi tumeandika. Ewe Mola, waponye watoto wetu, watie nuru madaktari wetu, na utupe sisi masikio ya kuwasikia mama zao. Amin.