Kilima cha Asili au Kaburi la Kale? Vigezo vya Utambuzi

1.0 Utangulizi

Kiswahili huita kichuguu kazi ya mchwa, tuta kazi ya jembe, na kaburi kazi ya waliozika. Maneno haya hutaja asili ya kitu. Mtafiti aliye nyikani, hata hivyo, haioni asili. Huona umbo tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba umbo peke yake si kigezo cha kutosha, na kwamba swali la msingi ni hili: mawe haya yalifikaje hapa?

2.0 Kazi ya Maumbile

Mchwa hujenga kwa chembe za udongo. Hawawezi kuinua jiwe lenye ukubwa wa ngumi. Kwa hiyo kichuguu kikongwe, hata kikimomonyoka na kufanana na kaburi, huwa na udongo laini. Mwamba uliopasuka kwa jua na mvua nao huweza kuonekana kama rundo lililopangwa, lakini mawe yake ni ya aina ile ile ya mwamba ulio chini, na mara nyingi nyufa zake huoana. Mawe yaliyoletwa na mto hulala kwa kufuata mkondo.

3.0 Kazi ya Binadamu

Mfano bora ni Lothagam Kaskazini, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya. Wafugaji wa kale walizika hapo kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2018 walikadiria kuwa watu wasiopungua 580 walizikwa katika shimo moja kubwa, ambalo baadaye lilifunikwa kwa mawe. Baadhi ya nguzo za mawe zilizosimamishwa hapo zilitoka umbali wa hata kilomita moja. Maji wala upepo haviwezi kufanya hivyo.

Hata hivyo, mkono wa binadamu si uthibitisho wa kaburi. Huko Engaruka, kaskazini mwa Tanzania, wakulima wa karne ya 15 hadi ya 18 walirundika mawe waliyoyaondoa mashambani mwao. Marundo hayo yamo katikati ya vishamba na mifereji ya umwagiliaji. Hapa mazingira ya rundo ndiyo yanayotoa jibu.

4.0 Hitimisho

Dalili moja haitoshi. Aina ya mawe, mpangilio wake na mazingira yake havina budi kuafikiana. Kosa lina gharama pande zote mbili. Kaburi likidhaniwa kuwa kilima, mawe yake huchotwa kujengea barabara, na watu wasioacha maandishi hupoteza ushahidi wao. Rundo la mkulima likiitwa kaburi, historia ya kilimo hupotoshwa. Pia kufukua ili kuhakikisha si kazi ya mpita njia: nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hudai kibali. Basi anayeona rundo apime, achore, apige picha na atoe taarifa, pasipo kuondoa hata jiwe moja.