Utata wa programu za tovuti hupimwa na kupunguzwa vipi?

Programu ya tovuti inayorekebishwa kila mara bila mpango hufanana na nyumba iliyoongezwa vyumba kiholela: hata fundi aliyeijenga huogopa kuugusa ukuta.

Mnamo 1976, mtaalamu Thomas McCabe wa Marekani alichapisha njia ya kupima utata huo. Maswali ya ndiyo au la yaliyomo katika sehemu moja ya programu huhesabiwa, kisha huongezwa 1. Kwa mfano, sehemu ya malipo ikiuliza iwapo mnunuzi amejisajili, iwapo bidhaa ipo na iwapo pesa zimefika, kipimo chake ni 4. McCabe alipendekeza kisizidi 10.

Sababu ni wazi. Maswali 10 yanayofuatana, kila moja likiwa na majibu mawili, yaweza kuzaa njia 1,024. Hitilafu hujificha katika njia ambayo haikujaribiwa, na mteja huenda akatozwa mara mbili.

Ili kupunguza utata, kwanza huandikwa majaribio ya kuthibitisha kwamba marekebisho hayajaharibu kazi. Kisha sehemu ndefu hugawanywa, kila kipande kikipewa jukumu moja. Aidha, maombi yenye kasoro hukataliwa mapema, na maswali yanayorudiwa hufutwa.

Hata hivyo, programu ikikatwakatwa ili kupendezesha kipimo tu, utata huhama, hauishi. Kipimo huonyesha pa kuanzia. Kuamua kinachofaa kurekebishwa ni kazi ya mwanadamu.