Meko ya ukutani: ibomolewe au iachwe? (Sehemu ya Nne)

Jinsi dohani inavyovuta moshi tulikwisha kuieleza, hatutairudia. Kilichotuleta tena kwenye mada ni makaa ya mawe. England ilipiga marufuku kuyauza kwa matumizi ya nyumbani, kwanza yale ya mifukoni Mei 2021, kisha yaliyobaki Mei 2023, na sasa mwenye fleti London anaitazama meko isiyowashwa akijiuliza kwa nini imlie nafasi ya sebule. Swali lake ni la haki. Lakini meko ya Kiingereza haijapata kuwa ya chumba kimoja, na anayeibomoa bila kulijua hilo anawadhulumu wenzake.

Mwaka 1662 serikali ya Charles wa Pili ilitoza shilingi mbili kwa mwaka kwa kila meko. Watoza kodi waliingia majumbani kuzihesabu, na kwa chuki iliyozuka, kodi hiyo ikafutwa 1689. Miaka ya 1790 mwanasayansi Rumford alilibana koo la dohani na kupunguza kina cha meko, joto likarudi chumbani. Ulikuwa ugunduzi mzuri. Hata hivyo, nani alizisafisha dohani za Uingereza, nyingi zikiwa nyembamba kuliko mabega ya mtu mzima? Watoto. Sheria ya 1788 ilikataza kuwaajiri walio chini ya miaka 8, ile ya 1840 ikamkataza kupanda yeyote aliye chini ya miaka 21, na zote zikapuuzwa, hadi George Brewster, mtoto mdogo, alipokufa kwa kukwama dohanini karibu na Cambridge, 1875. Ndipo wasafishaji wakalazimishwa kuwa na leseni. Karibu karne nzima waungwana waliota moto bila kuuliza nani yumo ukutani, na hiyo ni aibu. Desemba 1952 moshi wa meko hizohizo, pamoja na wa viwanda, uliua maelfu London. Sheria ya hewa safi ikaja 1956.

Leo aliyemo ukutani ni jirani. Katika nyumba za kale zilizogawanywa fleti, matofali ya meko ya chini hubeba yale ya juu. Ukiyatoa ya kwako, ya jirani yananing'inia mpaka mhandisi aweke boriti ya chuma. Wapo watakaosema wengi wamebomoa na nyumba zimesimama. Zimesimama pale uzito uliposhikwa, mwenye jengo aliporidhia, na jirani wa ukuta mmoja alipopewa taarifa kwa sheria ya kuta za pamoja ya 1996. Wengine watalalamikia baridi inayoshuka dohanini, nao wana hoja, ila dawa yake ni kuziba, si kubomoa. Ondoa fremu ya marumaru ukipenda, funga mdomo wa meko, uache matofali mahali pake. Acha na tundu dogo la hewa, maana dohani iliyozibwa pande zote hushika unyevu, na madoa yake yaweza kutokea kwa jirani kabla ya kwako.