Kaswida ya wanafunzi: tumuulize mtazamaji alichosikia

Wanafunzi wa madrasa wanaporekodi kaswida kwa video, wazazi huwapongeza. Pongezi huwatia moyo, lakini hazirekebishi kazi. Kabla haijasambazwa, tunashauri ionyeshwe kwa watu wachache wasioijua, kwenye simu ya kawaida, bila maelezo yoyote. Tusiwaulize kama wameipenda, kwani adabu itawafanya waitikie. Tuwaombe wataje maneno waliyoyasikia na mahali walipochoka. Ikiwa wengi hawakuusikia ubeti fulani, huenda dufu limezifunika sauti. Basi mlio wake upunguzwe, au ubeti urekodiwe upya. Maoni ya mmoja huweza kuwa ladha yake tu. Yanayorudiwa na wengi yanahitaji kufanyiwa kazi. Mtoto aliyehifadhi beti zake kwa wiki kadhaa anastahiki kusikika.