Herufi na Visa vya Biblia katika Michezo ya Watoto wa Kiroma

Papusza, malenga wa Kiroma wa nchi ya Poland ambaye kwa majina yake rasmi aliitwa Bronisława Wajs, alijifunza kusoma kwa siri alipokuwa binti mdogo, na ada aliyomlipa mwalimu wake, mwanamke wa Kiyahudi mwenye duka, ilikuwa ni kuku, tena kuku wa wizi, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye bila ya haya. Jamaa zake walipomkuta na kitabu walimpiga, na kitabu wakakiharibu. Na miaka mingi baadaye, mashairi yake yalipopigwa chapa kwa Kipoland mwanzoni mwa miaka ya 1950, wazee walimtenga wakimshitaki kuwa amezitoa siri za kaumu yake kwa wageni, akaishi katika upweke mpaka alipofariki mwaka 1987. Asomaye habari hii kwa pupa atawahukumu wale wazee kuwa ni maadui wa elimu. Mimi nasita, kwani khofu ya watu haipimiki mpaka kwanza ijulikane ni nini kilichowatisha.

Waroma, ambao wengi huwaita Wajipsi, asili yao ni kaskazini ya Bara Hindi, nao waliingia Ulaya katika zama za kati, na leo hukisiwa kuwa baina ya milioni 10 na 12 katika bara hilo. Katika nchi za Wallachia na Moldavia walikuwa watumwa wa watawala, wa nyumba za watawa na wa makabaila mpaka katikati ya miaka ya 1850. Katika dola ya Habsburg, karne ya 18, Malkia Maria Theresa aliamuru watoto wao watolewe mikononi mwa wazazi wakalelewe na wakulima wasiokuwa Waroma, na mwanawe Joseph II akaipiga marufuku hata lugha yenyewe. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili, ambamo Wanazi waliwaua Waroma kwa malaki. Wala shule za zama zetu hazikusalimika na lawama: tarehe 13 Novemba 2007 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika shauri lililoletwa na wanafunzi 18 wa Kiroma wa mji wa Ostrava, ilihukumu kwamba Jamhuri ya Cheki iliwabagua kwa kuwatia katika shule za watoto wenye ulemavu wa akili, na kuwatia humo kwa mitihani ambayo haikujali lugha yao wala malezi yao. Basi mzazi aliyerithi habari kama hizo, akimwona mgeni mwenye mkoba anawaulizia watoto, akifunga mlango hana wa kumlaumu.

Ndiyo sababu walimu wenye busara waliokwenda vitongojini mwa Waroma hawakuanza na dawati wala ubao, bali walianza na mchezo. Mchezo hufanyika uani, mama na nyanya wakitazama; hauna mtihani wa kumtia mtoto aibu, na aliyechoka huondoka akarudi atakapo. Nchini Uingereza, ambako taarifa ya Plowden ya mwaka 1967 iliwataja watoto wa Kijipsi miongoni mwa walionyimwa zaidi ya wote katika elimu, Baraza la Wajipsi, lililoasisiwa mwaka uliotangulia, halikungoja serikali iamke, bali likaanzisha madarasa ndani ya magari ya kukokotwa, pale pale familia zilipopiga kambi.

Na Biblia imeingiaje? Msomaji wa pwani, ambaye babu zake walipata herufi zao za kwanza chuoni mbele ya msahafu, hataona ajabu kwamba kitabu cha dini ndicho kilichowavuta wengi kwenye kusoma. Rodney Smith, aliyezaliwa hemani katika msitu wa Epping mwaka 1860, hakupata shule ya maana, akajifundisha mwenyewe kusoma, naye akaja kuwa mhubiri mashuhuri aliyeitwa Gipsy Smith katika pande mbili za Atlantiki. Tangu miaka ya 1950 makanisa ya kilokole yameenea sana baina ya Waroma wa Ufaransa kwa kazi aliyoianza mchungaji Clément Le Cossec. Na mmoja wa waliosimama mimbarini huko ni Matéo Maximoff, mwandishi wa riwaya aliyefundishwa kusoma na babaye, ambaye alilifasiri Agano Jipya kwa Kikalderash, lahaja mojawapo ya Kiromani, lugha ya Waroma. Watu hao waliitaka Biblia kwa hiari yao, na hiari hiyo ina uzito mkubwa.

Aidha visa vyenyewe vinakubali kuchezwa. Tuchukue kisa cha kondoo aliyepotea, kinavyoweza kuchezwa na watoto wa Kiroma wa Slovakia. Mwalimu huchora zizi sakafuni kwa chaki, akapanga humo kondoo waliokatwa kwa karatasi ngumu, kila mmoja ana herufi mgongoni; watoto hufumba macho, kondoo mmoja akafichwa, nao wakifumbua hawana njia ya kumjua aliyepotea ila kuisoma safu nzima tangu mwanzo. Aliyemgundua hutoka kumtafuta chini ya viti na nyuma ya mlango, na akimpata hana budi kutaja neno la Kiromani lenye kuanza na herufi ile kabla hajamrudisha zizini. Kwa safina ya Nuhu huchezwa karata zilizofunikwa, ambamo picha ya farasi hutafutiwa karata iliyoandikwa *grast*, na ya samaki *mačho*. Na kwa kuwa alama hizo za juu ya herufi ndizo zitumikazo katika Kislovakia, mtoto aliyezizoea kwa lugha ya mamaye hatatishwa nazo shuleni.

Mchezo unaonipendeza kuliko yote ni wa mjenzi aliyejenga juu ya mwamba. Kiromani hutenga *kher*, nyumba, na *ker*, fanya, kwa pumzi ndogo tu itokayo baada ya k. Basi mtoto mmoja hushika karata ya h, na mwalimu akitamka neno, yeye hutega sikio, akiisikia pumzi ile hujitupa katikati ya wenziwe wawili walioshika k na er, na nyumba husimama. Akikosea, wote watatu huporomoka kwa kicheko. Masahihisho ya wino mwekundu hayamfikishi mtoto huko upesi hivyo.

Walakini jambo moja hutia dosari kazi hii, nalo ni mwalimu mwenye kuufanya mchezo kuwa chambo, akawarubuni watoto kwa peremende na rangi ili wafuate madhehebu yake pasipo idhini ya wazazi. Waroma wamo Wakatoliki, Waorthodoksi, Walokole na Waislamu, na katika nchi za Balkani Waislamu si haba. Kwa watoto hao zipo hikaya za Kiroma zenyewe, ambazo wataalamu kama Milena Hübschmannová wa Prague walizikusanya kwa bidii, na zizi lile la chaki linazifaa sawasawa.

Shida kubwa iliyobaki ni ya lahaja. Kitabu alichokifasiri Maximoff hakimfai mtoto wa mashariki ya Slovakia, kama vile Injili ya Luka ambayo George Borrow aliichapisha Madrid mwaka 1837 kwa lugha ya Waroma wa Hispania isivyomfaa Mroma wa Bulgaria; nazo sahifa na vitabu vya Kiromani vilivyochapwa kwa wingi katika Urusi ya Kisovieti tangu mwaka 1927 vilisimamishwa mwaka 1938, vikabaki maktabani. Mpiga chapa naye hukataa kazi ya nakala chache za kila lahaja. Kwa hiyo karata nyingi bado hutengenezwa kwa mkasi na gundi na wasaidizi wa Kiroma, ambao shule za Cheki na Slovakia zilianza kuwaajiri katika miaka ya 1990, na mara nyingi watoto wenyewe ndio wanaoulizwa nyumbani kwao mnyama huyu huitwaje, kabla jina lake halijaandikwa.