Mkojo Wenye Povu: Lini Yafaa Kumwona Daktari?

Uwanda wa Konza, pale ambapo reli ya Magadi huachana na reli ya zamani iendayo Mombasa, ni mahali pa jua kali na maji haba. Mtu ashindaye akilima au kuchunga ng'ombe huko bila kunywa maji ya kutosha, jioni huona mkojo wake umekolea rangi ya manjano na kufanya povu. Hilo si jambo la kutisha. Akinywa maji, povu hutoweka. Vivyo hivyo, mkojo uliobanwa kwa muda mrefu hutoka kwa nguvu na kufanya povu lisilodumu.

Lakini liko povu la namna nyingine, jeupe na jingi, lisilotoweka upesi, nalo huonekana siku baada ya siku ijapokuwa mtu anywa maji. Hilo huenda likawa dalili ya ugonjwa wa figo. Figo ni chujio: huondoa taka katika damu na kuizuia protini isipotee. Chujio likiharibika, protini huingia katika mkojo na kufanya povu, kama ute wa yai unapopigwa. Waharibifu wake wakubwa ni kisukari na shinikizo la damu, maradhi yawezayo kukaa mwilini miaka mingi bila maumivu yoyote.

Vipodozi navyo vyaweza kudhuru. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walieleza habari za wagonjwa 60 waliopoteza protini nyingi katika mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki, na baadhi yao walipata nafuu walipoziacha.

Basi, povu likidumu kwa siku kadhaa, yafaa kwenda zahanati. Asikawie kabisa yule ambaye uso au miguu yake imevimba, au mkojo wake una damu au umepungua sana. Mja mzito aonaye povu pamoja na kuumwa kichwa sana au macho kufifia, na aende hospitali siku ile ile.

Kipimo chenyewe ni chepesi: kijikaratasi huchovywa katika mkojo, na rangi yake hubadilika iwapo kuna protini. Mgonjwa hupimwa pia sukari na shinikizo la damu. Ugonjwa ukijulikana mapema, dawa huweza kuzilinda figo; ukichelewa, mtu huishia kusafishwa damu kwa mashine kila juma. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.